Hoteli ndogo za samaki Kisumu: maji machafu, mafuta ya karai na matumbo ya samaki vipelekwe wapi?

NyarNyalenda ameuliza:

Hamjambo wote. Nauliza kwa niaba ya hoteli tano ndogo za samaki zilizo kwenye mstari mmoja huku Nyalenda, Kisumu. Kila hoteli hupika kilo 15 hadi 30 za samaki kwa siku, ngege (tilapia) wazima na vipande vya mbuta (sangara), pamoja na ugali na sukuma wiki. Maji ya kuoshea samaki na vyombo yote humwagwa kwenye mtaro wa maji ya mvua ulio nyuma ya vibanda. Mtaro umejaa mafuta yaliyoganda, unanuka, na mvua ikinyesha maji yanawarudia wapangaji wa nyumba za jirani. Afisa wa afya ya umma ametupa notisi turekebishe.

Hatutaki kuhama wala kugombana na majirani, maana hao ndio wanaotulisha: mafundi, vijana wa boda, akina mama wa soko, wanafunzi. Hatuna pia pesa za kujenga kama hoteli kubwa. Naomba anayejua anieleze mtego wa mafuta wa gharama ndogo unajengwaje, kwa vipimo. Mafuta ya karai yakichoka yaende wapi. Na matumbo, magamba na mifupa tufanye nini navyo. Kwa sasa kila kitu kinaingia kwenye gunia moja, kijana wa mkokoteni analibeba, na hatujui analimwaga wapi. Kama kuna la kusema kuhusu makaa pia nitashukuru, kwa sababu moshi ni sehemu ya malalamiko.

---

FundiMabomba_Kondele amejibu:

Dada, anza na mtaro. Mtaro wa mvua haupiti kwenye mtambo wowote wa kusafisha maji. Kinachoingia humo kinashuka kwenye vijito na vinamasi kisha ziwani vilevile kilivyo. Bomba la maji taka ni kitu kingine, lile huishia kwenye mtambo wa Kisat au mabwawa ya Nyalenda. Kwa hiyo kabla ya kununua hata mfuko mmoja wa saruji, ulizeni KIWASCO, kampuni ya maji ya Kisumu, kama kuna laini ya maji taka karibu mnayoweza kuunganishiwa. Mkiunganishwa au msipounganishwa, mtego wa mafuta mtauhitaji, kwa sababu mafuta huziba bomba la maji taka kama yalivyoziba huo mtaro.

Mtego hauna mashine. Ni chemba inayopunguza mwendo wa maji na kuyapa nafasi ya kupoa. Mafuta yanaelea, mchanga na magamba yanazama, na maji ya katikati ndiyo yanayotoka. Kinachofanya kazi hapo ni muda: maji yanatakiwa yakae ndani dakika 20 hadi 30. Mfereji wa kawaida wa sinki ukifunguliwa wote hutoa kama lita 10 kwa dakika, kwa hiyo hoteli moja inahitaji chemba ya lita 200 hadi 300, na ukizidisha kidogo si hasara.

Vipimo vya ndani vya chemba ya mawe au matofali: urefu sentimita 120, upana 50, kina cha maji 60, halafu sentimita 20 za juu zibaki kavu. Hiyo inakupa lita 360. Jenga ukuta wa kugawa chemba sentimita 80 kutoka upande maji yanapoingilia, ili chumba cha kwanza kiwe kikubwa. Ukuta huo upite juu ya usawa wa maji, na uwe na tundu moja tu lenye kimo cha sentimita 15, linaloanza sentimita 15 kutoka sakafuni. Tundu likiwa chini kabisa, tope linavuka. Likiwa juu, mafuta yanavuka.

Bomba la kuingiza lipite sentimita 65 kutoka sakafuni na la kutoa sentimita 60. Tofauti hiyo ya 5 inazuia maji yasirudi kwenye sinki. Mabomba yote mawili yafungwe tii (kiungo cha bomba chenye umbo la T) ya inchi 4 iliyosimama wima: mguu wa chini wa tii ya kuingilia uzame sentimita 20, wa kutokea uzame 30. Mdomo wa juu wa tii uachwe wazi upate hewa. Mafundi wengi huuziba wakidhani wanazuia harufu, na matokeo yake maji yanavutwa kwa mkupuo na kuburuta utando wote wa mafuta. Harufu inazuiwa na kifuniko kinachokaa sawasawa. Mteremko wa bomba kutoka sinki hadi chemba ni sentimita 2 kwa kila mita.

Sakafu iwe zege ya sentimita 10. Plasta ya ndani, saruji moja kwa mchanga tatu pamoja na dawa ya kuzuia maji, na imwagiliwe wiki nzima kabla ya chemba kujazwa. Kifuniko kiwe vipande viwili vyenye vishikio, vya bati nene la chuma, ambavyo mtu mmoja anaweza kuinua. Zege nzito itawafanya muahirishe kusafisha.

Pesa zikiwa haba kabisa, pipa la plastiki la lita 200 lililofukiwa linaweza kubeba hoteli yenye sinki moja, mradi mfereji usifunguliwe wote: ndani yake hukaa kama lita 160 za maji, sawa na lita 8 kwa dakika kwa dakika 20. Tii ni zilezile. Lakini Nyalenda maji ya ardhini yako karibu sana. Pipa likimwagwa lote wakati wa masika linaelea, linang'oa mabomba na kutoka juu ya ardhi. Lizungushie zege chini, na likisafishwa lijazwe maji saa hiyohiyo. Hata chemba ya mawe ni lazima ijazwe maji safi baada ya kusafishwa, la sivyo mafuta ya kwanza kuingia yanapita moja kwa moja.

Msijenge moja kubwa ya hoteli zote tano. Bomba refu linalobeba maji yenye mafuta linaganda njiani kabla ya kufika kwenye mtego, na chemba ya watu watano haina mwenyewe siku ya kusafisha.

Kinachoharibu mtego kwa kawaida ni haya. Maji yanayochemka: yanayeyusha mafuta yaliyokwisha kunaswa, yanayavusha, kisha yanaganda mita kumi mbele ambako huwezi kuyafikia. Sabuni ya maji nyingi kupita kiasi, nayo huyavunja mafuta yakapita. Maji ya paa, yanayokorogesha kila kitu mvua ikinyesha. Na unga wa ugali, ambao unazama, unachacha na kutoa harufu mbaya kuliko samaki. Sufuria ya ugali ikwanguliwe kwanza, ukoko utupwe na mabaki ya chakula. Kwenye tundu la sinki weka wavu wa waya wenye matundu ya milimita 3 hadi 5. Hapo magamba karibu yote yatabaki juu.

Safisha utando wa juu na tope la chini vikifika pamoja robo ya kina, yaani sentimita 15 kwa hii chemba ya 60. Kwa kilo 30 za samaki kwa siku, kagueni kila wiki kwa fimbo hadi mjue mwendo wake.

---

MajiNaAfya_Manyatta amejibu:

Fundi amesema yote ya ujenzi. Naongeza la maji yanayotoka kwenye mtego, kwa sababu wengi watawashauri mchimbe shimo la kunyonya.

Msichimbe bila kupima. Nyalenda na Manyatta kuna visima vifupi ambavyo watu huchota maji ya kufulia na wengine hata ya kunywa. Shimo la kunyonya linatakiwa liwe angalau mita 30 kutoka kisimani na chini lisifikie maji ya ardhini. Kwenye ploti zilizobanana namna ile ni vigumu kupata nafasi hiyo. Pili, mahali penye udongo mweusi wa mfinyanzi kama wa Kano, shimo halinyonyi, linajaa na kufurika. Jaribio ni rahisi: chimba tundu la sentimita 30 kila upande, lijaze maji liloe usiku kucha, asubuhi lijaze tena na upime yanashuka kiasi gani kwa saa moja. Yakishuka chini ya sentimita 2 hivi, achana na wazo hilo. Kwa mstari wenu ningesukuma habari ya kuunganishwa na laini ya maji taka, hoteli tano mkiomba pamoja na mwenye ploti, na gharama ya bomba mgawane.

Kwa nini nashikilia hivyo: Ghuba la Winam, sehemu ya Ziwa Victoria iliyo hapa Kisumu, ni karibu kama chumba chenye mlango mmoja mwembamba. Maji yake yanabadilishana na ziwa kuu kupitia mlango-bahari wa Rusinga, polepole. Mabaki ya chakula, sabuni na damu ya samaki vinabaki humo vikilisha mwani na magugu maji, na magugu yakifunga ufuo wa Dunga boti hazitoki, na nyinyi samaki mnanunua kwa bei ya juu au hampati. Dunga pia kuna mafunjo ambayo huchuja sehemu ya maji kabla hayajafika ziwani, lakini mafuta yanayofunika uso wa maji ya kinamasi huzuia hewa kuingia, na samaki wadogo wanaokulia humo hukosa pumzi.

Upande wa sheria, Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya mwaka 1999 inakataza kumwaga uchafu majini, na Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 inamtaka kila anayezalisha taka azitenganishe palepale zinapotokea: zinazooza upande mmoja, zisizooza upande mwingine. Kwa hiyo lile gunia moja lenyewe ni kosa, hata kabla halijapandishwa kwenye mkokoteni. Mpeni afisa wa afya mpango ulioandikwa, wenye mchoro wa chemba na tarehe ya kila hatua, na vyeti vya afya vya wapishi vya miezi sita viwe havijaisha.

---

SabuniYaKaya amejibu:

Mafuta ya karai yana mambo mawili: kwanza yachoke polepole, pili yakichoka yasionje mtaro.

Yanachoka kwa maji, chumvi, makombo na moto uliopitiliza. Samaki anayeingia kwenye karai akidondosha maji anayavunja mafuta, na zile kelele na mapovu ndizo dalili. Baada ya kuosha, mning'inize au mlaze kwenye wavu nusu saa, umfute kwa kitambaa safi. Chumvi nyingi itiwe baada ya kukaanga. Joto zuri ni nyuzi 170 hadi 180. Bila kipimajoto, tumbukiza ncha ya mwiko mkavu wa mbao: mapovu madogo yakitoka kwa utulivu kuuzunguka, tayari; mafuta yakitoa moshi, yamepita. Jioni yakipoa kiasi cha kutounguza, yachuje kwa kitambaa cha pamba kilichokunjwa mara mbili, yafunikwe na yawekwe gizani. Mbuta ana mafuta yake mwenyewe yanayoingia kwenye karai, kwa hiyo karai la mbuta litachoka kabla ya lile la ngege. Yatengeni. Na msizoee kujazia mapya juu ya ya zamani, ya zamani huyaozesha mapya haraka.

Yamekwisha yanapotoa moshi kwenye moto uleule wa kawaida, yanapofanya povu lisilotulia, yanaponata kidoleni, au samaki anapotoka mweusi nje na ndani mbichi. Wakati huo yaingie kwenye mtungi wa plastiki wenye kifuniko. Ni malighafi ya sabuni ya kufulia na kusafishia sakafu. Akina mama wanaotengeneza sabuni hapo mtaani watayachukua, au mtengeneze wenyewe.

Vipimo: mafuta mengi ya kupikia ya hapa Kenya yanatokana na mawese. Kilo 1 ya hayo inahitaji gramu 134 za kostiki soda na gramu 300 za maji. Kwa kilo 5, ni gramu 670 za kostiki na kilo moja na nusu ya maji. Usipojua ni mafuta gani, tumia gramu 128 kwa kilo, itafaa mawese na alizeti pia. Pima kwa uzito. Lita moja ya mafuta ina kama gramu 910 tu, na mtu akipima lita akidhani ni kilo anaishia na sabuni yenye kostiki iliyozidi, inayochoma mikono.

Kwanza safisha mafuta: yachemshe na maji sawa na nusu yake pamoja na kijiko cha chumvi, yaache yapoe usiku, asubuhi chota mafuta yaliyo juu. Masizi na sehemu kubwa ya harufu ya samaki itabaki kwenye maji. Yapashe tena kidogo yakauke unyevu. Kisha vaa glavu za mpira na miwani, ukae penye hewa, na mimina kostiki ndani ya maji, kamwe si maji ndani ya kostiki, maana hiyo ya pili hulipuka na kurukia usoni. Maji yatapanda joto sana. Subiri hadi maji na mafuta yote mawili yawe vuguvugu, nyuzi 40 hadi 45, ndipo umimine maji hayo ya kostiki kwenye mafuta polepole ukikoroga upande mmoja. Mwiko ukiinuliwa na tone likaacha alama juu ya uji, mimina kwenye kibao kilichotandikwa plastiki. Kata vipande baada ya siku moja au mbili, panga kivulini penye upepo wiki nne hadi sita.

Usitumie sufuria ya alumini hata kidogo. Kostiki inaila, inatoa gesi inayowaka, na inatoboka mikononi mwako. Ndoo ya plastiki nene au chombo cha chuma cha pua tu. Watoto wawe mbali mpaka vyombo vioshwe. Kipande kikionyesha vimaji ndani au unga mweupe mwingi juu, hicho hakikuchanganyika, kitupwe.

---

MkulimaWaAhero amejibu:

Piga hesabu ya samaki kwanza. Matumbo, mashavu na magamba ni kama asilimia 15 ya uzito. Hoteli tano zikipika kilo 75 hadi 150 kwa siku, mnazungumzia kilo 11 hadi 22, yaani ndoo moja ya lita 20 kwa mstari mzima. Gunia linajaa kwa sababu maganda, plastiki, majivu na mifupa vimeingia pamoja, na vikishaingia pamoja hakuna mfugaji atakayevigusa. Ndoo ya matumbo peke yake ina wateja.

Mfugaji wa nguruwe ndiye wa kwanza. Masharti: yachemshwe nusu saa, na yasichanganyike hata kidogo na mabaki ya nyama ya nguruwe, kwa sababu homa ya nguruwe ya Afrika husafiri kwenye mabaki hayo na haina dawa. Mifupa mikubwa iondolewe. Na aache kuwalisha samaki wiki tatu au nne kabla ya kuchinja, la sivyo nyama inanuka samaki na mchinjaji atamrudishia.

Wa pili ni wafugaji wa funza wa nzi askari mweusi, wanaouza funza kwa wafugaji wa kuku na samaki. Kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe kina tawi Mbita, na utafiti wake kuhusu nzi hawa umesaidia wengi kuanza. Funza hukua wiki mbili hivi. Matumbo peke yake ni majimaji na yana mafuta mengi, funza wanakimbia chombo, kwa hiyo samaki isizidi robo ya mchanganyiko, iliyobaki iwe maganda ya soko na pumba.

Mboji ndiyo ya kushikilia mnapokosa mchukuaji, na mkiwa na nafasi ya mita moja kwa moja. Tandika maranda ya mbao sentimita 25, weka samaki tabaka la sentimita 10 lisifike kingoni, funika na maranda mengine 25. Ndoo moja ya samaki kwa tatu za vitu vikavu. Makapi ya mpunga kutoka Ahero yapo mengi na ni rahisi, lakini huoza pole sana, changanya nusu kwa nusu na maranda. Magugu maji pia yanafaa yakikaushwa kwanza, maana mabichi karibu yote ni maji. Rundo likiwa sawa linafika nyuzi 55 ndani na halinuki. Likinuka, limekosa vikavu. Lisipopata joto, limekauka, lirushie maji. Wekeni wavu na mawe juu, la sivyo mbwa na korongo wa mjini watalifukua siku ya kwanza.

Majivu ya makaa yasimwagwe kwenye ndoo ya matumbo. Nyunyizia kidogo kwenye choo cha shimo, au mpeni mwenye bustani.

---

NyarNyalenda:

Asanteni sana, nimeyaandika yote kwenye daftari. Nina mawili. Kuna mtu huja kununua mafuta yetu yaliyochoka na anasema ni ya kukaangia mahali pengine. Anatoa bei nzuri kuliko watu wa sabuni. Na bado sijapata la makaa.

---

SabuniYaKaya:

Msimuuzie. Yakishachoka kwenye karai lenu yamechoka pia kwenye karai lake, na watakaoyala ni watoto wa mtaa huohuo. Ikiwezekana, kabla mtungi haujatoka tieni kijiko kimoja cha kostiki iliyoyeyushwa, ukorogwe, uandikwe SABUNI kwa rangi. Hapo hayafai tena jikoni kwa mtu yeyote, na anayetengeneza sabuni umwambie umeshatia kiasi hicho ili apunguze kwenye vipimo vyake.

---

JikoBora_Kakamega:

Kuhusu makaa. Tanuri la udongo la kawaida hula kilo 6 hadi 10 za kuni kutoa kilo 1 ya makaa, kwa hiyo kila kilo mnayookoa ni kubwa kuliko inavyoonekana. Jiko la bati tupu hutumia takriban sehemu moja kwa tano ya joto la makaa. Lenye udongo ndani hufika karibu theluthi. Udongo ukipasuka na vipande kuanguka, mmerudi kwenye bati, kwa hiyo badilisheni udongo peke yake mapema. Mdomo wa jiko ulingane na kitako cha karai, na jiko likingwe upepo pande tatu.

Linganisheni na gesi kwa kupima, msikadirie. Kilo 1 ya gesi hupika kama kilo 2.7 za makaa kwenye jiko la udongo, au kilo 4 kwenye la bati. Mtungi wa kilo 13 basi ni kama kilo 35 za makaa kwa jiko zuri, na kama 52 kwa la bati. Pimeni gunia lenu kwa mzani, mgawanye bei kwa kilo, mtajua wenyewe mnasimama wapi. Wengi hugundua kwamba kukaanga kwa gesi na kuchemsha maharagwe kwa makaa ya vumbi lililofinyangwa ndiyo nafuu. Hayo ya vumbi huwaka taratibu na kwa muda mrefu, hayafai karai la samaki. Moshi unaowasumbua majirani hutoka zaidi wakati wa kuwasha, kwa hiyo msiwashe kwa plastiki wala vipande vya tairi. Tumieni vijiti vikavu, jiko liwe nje mpaka makaa yawe mekundu. Jiko la makaa lisiachwe ndani ya kibanda kilichofungwa usiku.

---

MnunuziWaDunga:

Hakuna aliyegusa samaki mwenyewe. Hoteli za bei nafuu ndizo zinazovuta samaki wachanga, kwa sababu mteja anataka ngege mzima kwenye sahani kwa pesa kidogo, na mvuvi anajua. Kipimo cha chini cha ngege ni sentimita 25 kutoka mdomo hadi ncha ya mkia, ambaye huwa na uzito wa gramu 300 hivi. Mbuta anayeruhusiwa ni wa sentimita 50 hadi 85. Chora mstari wa sentimita 25 kwa rangi kwenye ubao wa kupokelea samaki, na kila anayeletwa alazwe hapo mbele ya muuzaji. Asiyefika, arudi naye. Wa vizimba huvunwa kwa ukubwa wa sahani na hao ni wa kufugwa, lakini muulize muuzaji kizimba ni cha nani na wapi. Kwa mteja mwenye pesa kidogo, kipande cha mbuta mkubwa au mgongo wazi (mifupa ya mbuta inayobaki minofu ikishakatwa) kutoka Obunga ni bora kuliko ngege wa gramu 150. Omena (dagaa) nayo, kumbukeni uvuvi wake hufungwa kuanzia Aprili hadi Julai, kwa hiyo nunueni ya kukausha mapema.

Kwa kufungia chakula, karatasi za kaki, si magazeti, wino unaingia kwenye samaki wa moto. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu tarehe 28 Agosti 2017, na anayekuja na bakuli lake mwongezeeni kachumbari.

---

NyarNyalenda:

Nimeelewa. Tumekubaliana hoteli zote tano: ndoo tatu kila moja, ya buluu ya matumbo, nyeusi ya mabaki ya chakula, nyeupe ya visivyooza, zote na vifuniko. Kijana wa mkokoteni atalipwa kwa ndoo badala ya gunia, na atasaini kwenye daftari amempelekea nani. FundiMabomba, swali la mwisho: mafuta tunayokwangua juu ya mtego, nayo yanafaa sabuni?

---

FundiMabomba_Kondele:

Hapana, hayo yamechanganyika na maji machafu na vijidudu. Yachanganyeni na maranda hadi yashikane, kisha yaingie katikati ya rundo la mboji kwa kiasi kidogo kidogo, ndoo moja ya mafuta kwa kumi za vitu vikavu. Anayekwangua avae glavu, na kazi hiyo ifanywe asubuhi kabla ya moto kuwashwa, mafuta yakiwa bado yameganda.